Chumvi Nunua Hukohuko

Kijitonyama, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Bibi Yuditha, shikamoo.

Naamini wewe na ng'ombe mmeamka salama, na goti halikusumbui unapopanda kutoka kwenye mfereji wa mfongo na ndoo ya maji. Mimi mzima. Joto la huku linaniamsha mapema kuliko jogoo wako, lakini kazi ipo na nakula.

Bibi, nimekupigia simu wiki nzima. Yule mama wa ndani ya simu ananiambia hupatikani. Jana Baba Mdogo Eliezeri kanieleza kwamba simu umeizima, ukaitumbukiza kwenye debe la unga na kufunika, na umesema mwenye neno na wewe aandike barua. Ndiyo naandika.

Narudia nilichosema siku ile, kwa kuwa ulikata kabla sijamaliza. Ile programu ya Ndoo, aliyoitengeneza Baba ya kuandika maziwa kwenye kituo chenu, nataka iingie kwenye ghala la programu huria. Ni ghala la wazi, mtu yeyote mwenye kompyuta anachukua humo bila kumwomba mtu. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kufungasha programu ili ziingie humo. Ndoo ikiingia, haitakufa pamoja na ile kompyuta kuukuu ya kituoni. Wakaguzi wa ghala wameifungua, wakasema sehemu kubwa ya vilivyomo si vya Baba, ni vya watu wengine. Hawakusema kaiba. Neno hilo ulilitamka wewe, Bibi.

Hata hivyo nimekuudhi, na Baba alikuwa mwanao kabla hajawa baba yangu. Ndani ya bahasha kuna jani la sale. Huku halioti mipakani, nimelipata kwa muuza maua. Nakuomba ulipokee kama linavyopokelewa nyumbani mtu anapoomba radhi.

Mjukuu wako anayengoja simu itoke kwenye unga,
Kindness


Old Moshi
25 Februari 2024

Kwako Kindness,

Marahaba. Sisi wazima. Goti liko palepale lilipokuwa, halijahama. Yule ng'ombe mweupe kazaa ndama jike. Eliezeri alitaka tumwite Kindness, nikakataa, maana nikimfokea ndama majirani watadhani umerudi. Paa la kanisa linavuja upande wa kwaya, na wenyewe hawaachi kuimba, wanasogea tu.

Sasa jani. Kindness, hilo si sale. Sale ni kijani kitupu, liko mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, babu yako Eliona alilipanda kwa mkono wake na wewe ulikuwa unajificha humo ukikwepa kuosha vyombo. Umeniletea jani lenye mistari ya njano, pambo la mlango wa hoteli! Jirani yetu Aikaeli alikuwepo nilipofungua bahasha, akacheka mpaka akashika ukuta. "Yuditha, mjukuu wako anaomba radhi kama mtalii!" Lakini sale halirudishwi, hata likija limevaa sketi. Nimelipokea. Simu haitoki.

Haitoki kwa sababu nataka jina. Nani kafungua kazi ya mwanangu akasema si yake? Mtoto wa nani huyo? Mimi nimeishia darasa la nne, lakini macho ninayo. Nilimwona Jesse kwenye meza ya babu yako, anaandika, anafuta, chai inapoa, naipasha, inapoa tena. Miaka. Mwizi gani anakaa miaka mezani?

Na wewe nani kakutuma upeleke kazi ya marehemu ikapekuliwe na watu? Hapa maneno yameshaanza. Aikaeli ndiye mwenyekiti wa kikundi cha maziwa sasa, na kiti kimemkaa vizuri mno. Kompyuta ya kituo inakohoa, Eliezeri kama karani anasema haimalizi mwaka. Wameleta mpya, Ndoo imekataa kuwaka humo. Aikaeli kampata kijana wa Njoro anayeuza programu yake, anataka ya Jesse tuiweke pembeni. Akisikia kwamba hata huko Dar wanasema haikuwa ya Jesse, basi imezikwa. Mwanangu nimeshamzika mara moja. Mara ya pili siziki mimi.

Nimekufungia mzigo, uende kuuchukua ofisi ya basi. Umo mkungu wa ndizi, maharage, magadi, unga, chumvi, mafuta ya kupikia, maparachichi, asali chupa moja, mwiko, na kuni chache za kuwashia maana sijui huko mnawasha na nini. Upike kiburu cha ndizi na maharage, ule, unenepe, uache kupeleka mambo ya nyumbani kwa watu.

Mimi bibi yako, mwenye akili zangu zote,
Yuditha


Kijitonyama
17 Machi 2024

Bibi yangu, shikamoo, na hongera ya ndama.

Kazini wamenihamishia dawati la dirishani. Jumapili naenda ibada ya asubuhi, naandika hilo kabla hujauliza.

Mzigo umefika. Gunia lilitanguliwa na nzi. Parachichi moja la chini kabisa lilikuwa limeoza, likaozesha wenzake, maji yake yakaingia kwenye magadi, magadi kwenye unga, na chupa ya asali ilikuwa imefunguka ikagandisha kila kitu pamoja. Ndizi zilipona kwa kuwa zina maganda. Nilikaa sakafuni nikatoa kimoja kimoja: hiki kizima, hiki kimeoza, hiki kinauzwa duka la hapo chini. Chumvi, Bibi! Umetoa chumvi mlimani kuileta pwani!

Nikiwa hapo chini na mikono inanata nikaona namna ya kukueleza. Naomba usichane barua.

Programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Kuna vipande ambavyo watu walishaandika wakaviacha wazi ili wengine watumie: kipande cha kuchora herufi, kipande cha kusoma tarehe, kipande cha kuzungumza na mizani. Baba alivitumia, kama kila mtu anavyotumia. Lakini miaka ile huko juu hakukuwa na mtandao. Alikuwa anateremka mjini, Pasua, kwenye duka la intaneti, anavinakili kwenye flashi, anapanda navyo. Akaogopa kwamba Ndoo ikipelekwa kijiji kingine itavikosa. Kwa hiyo akavifunga vyote ndani ya Ndoo, gunia moja. Alifunga kama unavyofunga wewe, kana kwamba anakokwenda hakuna duka.

Huku ghalani kila kipande kina rafu yake na mtu wa kukitunza. Kikionekana kina tundu ambalo mhuni anaweza kupitia, yule mtu analiziba mara moja, na programu zote zinazokitumia zimepona. Ila nakala iliyofungwa ndani ya gunia la Baba hakuna anayeiziba, kwa sababu hakuna anayejua kwamba imo. Na kimoja kimeshaoza kweli: kile cha kufungua mafaili kina tundu linalojulikana tangu zamani. Ndicho kinachokataa kuwaka kwenye kompyuta yenu mpya. Wakaguzi wanasema: toeni vyote vya watu, mchukue rafuni, na muandike kila mwenye mali kwa jina lake. Nifanye hivyo kabla ya mwezi wa nane kwisha, maana hapo mlango unafungwa, na hautafunguliwa tena mpaka baada ya miaka miwili.

Nisikilize hapa, Bibi. Juu ya kila kipande Baba aliacha jina la aliyekiandika. Hakufuta hata moja. Mtu wa kuiba angeanzia hapo.

Kimoja tu kinanishinda. Kile cha mizani Baba alikibadilisha, akaongeza mistari yake, na sioni sababu. Wewe ulikuwa unakwenda naye kituoni. Unakumbuka alikuwa anahangaika na nini?

Ndizi ni tamu. Mwiko nimeuosha.
Kindness


Old Moshi
14 Aprili 2024

Kindness,

Marahaba. Mvua imeshika tangu Pasaka, barua yako imelala mjini mpaka Eliezeri aliposhuka kuifuata, njia ni tope tupu. Ndama anakua. Maharage yamepigwa na maji. Aikaeli kaanguka mbele ya kanisa akachafua kitenge kipya, sikucheka, niligeuka nikatazama mlima.

Parachichi zangu haziozi. Zimeozea kwenye basi. Na ukimpelekea mtu chakula unampelekea na chumvi yake, ndivyo nilivyofundishwa. Sasa mimi nimekufundisha na wewe unanicheka.

Hayo ya vipande nimeyasoma mara nyingi, nimeelewa kuliko unavyofikiri. Nimeelewa kwamba unakaa sakafuni unatoa vitu kwenye gunia la mwanangu. Hiki cha fulani, toa. Hiki cha fulani, toa. Basi nijibu mimi mwanamke wa darasa la nne: mkishatoa vya watu vyote, Jesse anabaki na nini? Gunia? Ndicho utakachowaonyesha kina Aikaeli, gunia limekunjwa?

Ya mizani usiniulize.

Kunywa maziwa.
Yuditha


Kijitonyama
19 Mei 2024

Bibi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nimalize kutoa, nione kilichobaki, nisikujibu kwa kubahatisha. Mafuriko ya huku yalitufungia ndani siku kadhaa, sasa barabara inapitika. Nimepona mafua.

Kilichobaki ndicho hiki. Imebaki sehemu inayojua kwamba ng'ombe akikaribia kuzaa anakaushwa, kwa hiyo mama asiyeleta maziwa wakati huo haandikwi mtoro. Hiyo hakuna aliyemwazima. Imebaki sehemu inayomruhusu mama mmoja kuleta maziwa kwa jina la jirani aliyejifungua. Imebaki ile sauti ya kengele maziwa yakiwa na maji, ambayo Baba aliiweka ndogo, asikie karani peke yake, mtu asiaibike mbele za wenzake. Nimesoma mistari yake yote. Ni kama kumsikia anaongea. Gunia halikubaki tupu, Bibi. Zimebaki ndizi.

Ila kuna jambo nimeharibu. Kile kipande cha mizani alichokibadilisha nilikitoa pia, nikachukua kile cha rafuni kilivyo, bila kuelewa kwa nini Baba alikigusa. Nikamtumia Baba Mdogo Eliezeri ajaribu kwenye kompyuta mpya. Najua umeshasikia kilichotokea, kituo kizima kilikuwepo. Mama wa kwanza kaandikiwa maziwa nusu ya aliyoleta, wa pili kaandikiwa mengi kuliko ndoo yenyewe. Baba Mdogo anasema Aikaeli alipiga kelele mpaka kuku wakaondoka. Amewapa neno: mwezi wa tisa ukianza na Ndoo haijakaa sawa, anamwita kijana wa Njoro.

Siwezi kurudisha kile cha Baba kama kilivyo, wakaguzi hawatapokea nakala ndani ya gunia. Lazima nijue alitaka nini. Nakuuliza mara ya pili, Bibi, na najua uliniambia nisiulize.

Kindness


Kijitonyama
16 Juni 2024

Bibi, shikamoo. Hujajibu, na Baba Mdogo anasema u mzima, unafoka kama kawaida. Basi nimejua ni mimi tu. Mlango unafungwa mwisho wa mwezi wa nane.
K.


Old Moshi
30 Juni 2024

Kindness,

Marahaba. Baridi ya mwaka huu haina huruma, nalala na soksi mbili. Kahawa zimeanza kuwa nyekundu upande wa chini. Paa la kanisa wamelipiga bati, sasa kwaya haina tena kisingizio cha kusogea.

Hukujibiwa kwa sababu sikutaka. Nikiandika hili inabidi nikae pale tena. Haya, nakaa.

Ilikuwa kabla Jesse hajalazwa. Mizani ya kituo unaijua, inaning'inia kwenye boriti. Mama anatundika ndoo, karani anasoma. Jesse alikuwa ameifunga waya iende kwenye kompyuta, na namba zikawa zinatoka za kichaa, kama hizo zako. Watu wakasema mizani mbovu. Jesse akaleta kigoda akakaa pembeni, asubuhi na jioni, anatazama tu. Nikawa nampelekea mtori kwenye hotipoti kwa kuwa alikuwa hali kitu kingine. Nikamwambia, "Wewe mwanaume mzima unakaa kutazama wanawake wanakabidhi maziwa?" Akasema, "Mama, natazama mikono yao."

Huku kwetu, Kindness, au umesahau, mama haachii maziwa hewani. Ukimkabidhi mtu chombo, unashika mpaka aseme nimepokea. Ukiachia kabla ni kama umemtupia. Sasa wanawake walikuwa wanatundika ndoo kwenye mizani huku wameishika, wanangoja Eliezeri aseme, "Nimepokea, mama," na Eliezeri anangoja kompyuta, na kompyuta inaandika mkono wa mtu! Mwenye kuinua, inaandika pungufu. Mwenye kuegemea, inaandika zaidi. Eliezeri akasema tuwafundishe waachie. Jesse akakataa. Akasema hawezi kuwafundisha mama zake kutupa maziwa kwa sababu ya mashine, mashine ndiyo ifundishwe kungoja.

Akaifundisha. Siku aliyomaliza alinifanya mimi niwe wa kujaribia. "Shika, Mama. Inua kidogo. Sasa egemea. Sasa tikisa." Nikatikisa mpaka maziwa yakamrukia usoni. Namba ikacheza, ikacheza, haikuandika kitu. Eliezeri akasema, "Nimepokea, mama," nikaachia, ndoo ikatulia, ndipo ikaandika. Jesse alicheka na maziwa yanamtiririka kwenye ndevu. Kicheko kile sikukisikia tena. Ndiyo sababu nilikuwa sitaki kuulizwa.

Sasa umejua. Fanya kazi.
Yuditha


Kijitonyama
14 Julai 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Sina habari nyingine za kuanzia, samahani, nitasalimia ndama barua ijayo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikafungua mistari ya Baba, na yote ikasomeka. Hakuwa ameharibu kipande cha mtu. Alikuwa amekifundisha adabu: kisichukue namba ya kwanza inayokuja, kingoje mpaka uzito utulie, na uzito ukirukaruka kikae kimya. Nilikuwa nimeangalia mistari hiyo miezi mitano, sikuiona kwa sababu sikuona mikono.

Sasa sikia nilichofanya. Kile kipande cha mizani kina mtunzaji wake, mama mmoja wa Ureno. Nikamwandikia. Nikamweleza kwamba Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwanamke haachii chombo mpaka mpokeaji aseme amepokea. Nikamtumia mistari ya Baba, nikamwomba aiweke kwenye kipande chake mwenyewe, rafuni, iwe ya wote. Ikikaa pale, Ndoo haina haja ya kubeba nakala yoyote.

Nilikuwa na hofu, Bibi. Watunzaji wengi wana kazi nyingi na majibu mafupi. Huyu kajibu barua ndefu. Kasema soko la samaki la mji wake wana shida hiyohiyo, samaki anarukaruka juu ya mizani, na walikuwa wanajumlisha namba kubwa na ndogo kisha wanagawanya, haikuwa sawa kamwe. Kajaribu mistari ya Baba kwa samaki mzima. Samaki akatulia, namba ikaandika. Ameipokea.

Pumzi niliyotoa nadhani ulihisi upepo huko juu.
Kindness


Old Moshi
28 Julai 2024

Kindness,

Marahaba. Tunachuma kahawa, mikono imeota sugu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Ngoja kwanza. Huyo mama wa Ureno kachukua mistari ya mwanangu kaweka kwenye kitu chake? Na samaki zake zinapimwa kwa akili ya Jesse? Mbona sasa hakuna mkaguzi anayepiga kelele? Juzi mwanangu alikuwa na vitu vya watu, ikawa kesi. Leo watu wana kitu cha mwanangu, mnapongezana!

Eliezeri kanieleza kwa saa nzima, huku tunamenya ndizi. Anasema huyo mama hakuchukua, amepokea. Anasema kila atakayepima kitu kwa kipande hicho, popote, anapima na Jesse. Nikamuuliza, jina limeandikwa? Akasema hajui.

Basi nijulishe wewe. Jina limeandikwa au halikuandikwa? Na liandikwe Jesse Eliona, kikamilifu. Jesse wako wengi.

Yuditha


Kijitonyama
25 Agosti 2024

Bibi Yuditha, shikamoo, na umsalimie ndama kama nilivyoahidi.

Jina limeandikwa. Mama wa Ureno ameliweka kwenye orodha ya waliokijenga kipande chake, Jesse Eliona, Old Moshi, Tanzania. Nilimwambia asisahau Eliona, nikasema amri imetoka juu.

Na Ndoo imeingia. Ijumaa mkaguzi ameandika neno moja: imekubalika. Hakuna kipande cha mtu kilichofichwa ndani. Kila kinachotoka rafuni kinatoka rafuni, na kila mwenye mali katajwa. Kwenye Ndoo yenyewe jina ni moja juu kabisa, la Baba. Chini yake wametaka aandikwe anayeitunza sasa. Nimeandika langu.

Mwambie Baba Mdogo aunganishe kompyuta mpya na mtandao, aandike tu "ndoo", itakuja yenyewe na vyote inavyohitaji. Asibebe flashi.

Nimelala usingizi wa mtoto, Bibi, mpaka jua likanikuta.
Kindness


Old Moshi
15 Septemba 2024

Kindness mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba. Wote wazima, hata goti. Kahawa ni nzuri mwaka huu. Ndama nimempa jina, simtaji, utakuja umwone.

Eliezeri aliwasha ile mashine mpya Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wanawake wote wamefika mapema kama kuna harusi. Aikaeli alikuja na ndoo yake akiwa amevaa kile kitenge alichoanguka nacho. Yule kijana wa Njoro naye alikuwa amesimama nje, anangoja kuitwa.

Aikaeli akasema, "Mwenyekiti anaanza, tuone vituko." Akatundika ndoo, akaishika. Akainua kidogo kwa makusudi, nilimwona. Namba ikacheza, haikuandika. Akaegemea. Ikacheza, haikuandika. "Imekufa hiyo!" anasema. Eliezeri akamtazama akasema, "Nimepokea, mama." Aikaeli akaachia. Ndoo ikatulia. Ikaandika, na jina lake, na kila kitu sawasawa na mizani ya mkono tuliyoiweka pembeni kuhakikisha.

Aikaeli akasema, "Hii mashine ina adabu."

Nikamwambia, "Ililelewa hapahapa."

Kisha nikamwagiza Eliezeri afungue pale penye majina, asome kwa sauti. Akasoma, Jesse Eliona. Akasoma na watu wengine wengi, majina ya ajabu ya huko duniani, wengine nadhani hata mama zao hawawezi kuyatamka. Nilimwambia asiruke hata mmoja. Kama mwanangu alikula kwao, watajwe. Yule kijana wa Njoro akaingia kusikiliza, mwisho akauliza kama na yeye anaweza kuichukua. Eliezeri akamwambia haiombwi, inachukuliwa. Kijana anasema kwenye yake mizani inamsumbua.

Aikaeli alinishika mkono tukipanda. Tulipofika kwake akaniambia, "Alikuwa anapenda mtori wako yule mtoto." Nikamwambia ndiyo. Nimelala vizuri, Kindness. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Simu nimeitoa kwenye unga. Inawaka, ila watu wanasikika kama wanaongea huku wanatafuna. Piga Jumapili baada ya ibada.

Mzigo wako uko ofisi ya basi, uuwahi. Utaona ni mwepesi, usidhani nimeishiwa. Humo mna ndizi tu, za kiburu, kutoka migomba ya nje ya dirisha, nyuma ya meza ya babu yako. Kuna na jani nimelichuma mpakani, la kijani kitupu, ili ulijue siku nyingine. Usiniulize nimeliweka la nini. Umeshalipata, basi.

Maharage yapo huko. Mafuta yapo. Chumvi nunua hukohuko.

Bibi yako na mama yake Jesse Eliona,
Yuditha